Tamko kwa Umma Kuhusu Upasuaji wa Kunyonya Mafuta kwa Mawimbi ya Sauti



Sisi madaktari wa upasuaji rekebishi, madaktari wa ganzi na usingizi, na wauguzi wa vyumba vya upasuaji tulioungana katika chama kimoja, tumelazimika kutoa tamko hili kwa sababu ya maneno tunayoyasikia kliniki mara kwa mara. Mgonjwa anaketi, mara nyingi ni mama aliyekwisha kuzaa, anaeleza kwamba tumbo limekataa kurudi na nyama uzembe za ubavuni hazisikii mazoezi. Kisha anasema: "Daktari, mimi kupasuliwa sitaki. Nataka ile ya altrasaundi."

Tunajua kinachomjia akilini anaposema hivyo. Anakumbuka kliniki ya wajawazito, jeli ya baridi juu ya tumbo, na mtoto akionekana kwenye skrini. Altrasaundi ile haikumuuma, haikumwachia kovu, na ilipokwisha aliinuka akaenda zake sokoni. Matangazo ya mitandaoni yanaitumia kumbukumbu hiyo: kuyeyusha mafuta, bila kisu, asubuhi unaingia na mchana unarudi nyumbani. Tunatamka bayana, kabla ya jambo jingine lolote, kwamba unyonyaji wa mafuta kwa altrasaundi ni upasuaji. Ngozi inatobolewa. Chuma kinaingia mwilini. Dawa ambayo ikizidi kipimo ni sumu inapigwa kwa lita, si kwa bomba la sindano. Na watu wamekufa.

Hatuusemi ukweli huu ili kuufunga mlango wa huduma. Baadhi yetu tunaufanya upasuaji huu kwa mikono yetu, na tangu mwaka 2023 upasuaji wa urembo unatolewa hata katika hospitali ya umma, Muhimbili Mloganzila, jambo tulilolipokea kwa furaha kwa sababu limempunguzia Mtanzania ulazima wa kupanda ndege. Kinachotunyima usingizi ni umbali uliopo kati ya kile mashine inachofanya na kile mteja anachoambiwa. Mtu aliyetia sahihi fomu ya ridhaa huku akidhani anakwenda kufanyiwa kitu kama kipimo cha mimba, kwa maoni yetu hajatoa ridhaa.

Kwa hiyo tuanze na mashine yenyewe.

Altrasaundi ya kupimia mimba hutuma mawimbi yanayotetema mara milioni kadhaa kwa sekunde. Kifaa kinabaki nje ya ngozi, nguvu yake ni ndogo, na kazi yake ni kusikiliza mwangwi unaorudi. Mashine ya kunyonya mafuta hutetema polepole zaidi, kati ya mara 20,000 na 36,000 kwa sekunde kutegemea aina yake, kiwango ambacho sikio la binadamu haliwezi tena kukisikia. Ila nguvu yake haipakwi juu ya ngozi. Ndani ya mpini anaoushika daktari mna vipande ambavyo vikipitiwa na umeme hutanuka na kusinyaa kwa kasi hiyo. Mtetemo huo hupokelewa na kijiti cha titani, na kijiti hicho ndicho kinachoingizwa chini ya ngozi, katikati ya mafuta. Neno "mawimbi" likitajwa katika upasuaji huu, msomaji aielewe picha kamili: ni ncha ya chuma inayotikisika ndani ya mwili wa mtu.

Kabla kijiti hakijaingia, mahali pale hujazwa maji. Ni maji ya chumvi ya dripu yaliyochanganywa na lidokeini, ambayo ni dawa ya ganzi, pamoja na adrenalini kidogo sana. Yanapigwa hadi ngozi inakaza. Lidokeini inaondoa maumivu, adrenalini inaibana mishipa ya damu ili isivuje, na maji yenyewe yanaupitisha mtetemo na kuupoza. Hili la kupoza ndilo watu wasilolijua. Kijiti kikifanya kazi mahali palipokauka, au kikisimama mahali pamoja sekunde chache kupita kiasi, kinakuwa pasi ya moto chini ya ngozi.

Ndani ya maji hayo mtetemo huzalisha viputo vidogo mno vinavyojaa na kupasuka bila kukoma. Seli za mafuta zimeshikana kwa ulegevu, hivyo viputo vikipenya kati yake zinaachana na kuelea, na mafuta yaliyokuwa mabonge yanageuka rojo linalofanana na tui zito la nazi. Mishipa ya damu, neva na nyuzi zinazoishikilia ngozi ni imara zaidi, kwa hiyo nyingi hubaki. Tunasema nyingi, hatusemi zote. Daktari mwenye uzoefu anahisi mkononi pale ukinzani unapokwisha, na hapo anatakiwa aache. Ndipo anapoingiza kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, na kulinyonya lile rojo. Mgonjwa huamka amevikwa vazi la kubana ambalo atakaa nalo kwa wiki kadhaa.

Faida ya njia hii ipo. Mafuta ya mgongoni, ya kifua cha mwanamume aliyeota matiti, au ya mahali palipowahi kufanyiwa upasuaji yamefungwa katika nyuzi ngumu, na kanula ya kawaida hulazimika kuyachokonoa kwa nguvu. Mtetemo huyalainisha kwanza. Wapo pia Watanzania wenzetu wanaoishi na VVU ambao dawa walizotumia miaka ya nyuma zilihamisha mafuta mwilini mwao, wengine yakajikusanya nyuma ya shingo kama nundu. Mtu wa namna hiyo hatafuti shepu. Anataka kuacha kutazamwa na abiria wenzake kwenye daladala. Nundu hiyo ina nyuzi nyingi, na altrasaundi inaimudu kuliko kanula peke yake. Tunalitaja hili ili ijulikane kwamba hatuzungumzii urembo tu, na kwamba chombo chenyewe hatukichukii.

Chombo hiki kimezaliwa kwa taabu, na taabu hiyo inafaa ijulikane. Katika miaka ya 1920 jijini Paris, daktari Charles Dujarier alijaribu kuipunguza miguu ya mcheza dansi kwa kukwangua mafuta kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kukwangulia kizazi. Mishipa mikubwa ya damu iliumia, mguu ukaoza, ukakatwa. Kisa hicho kiliwatia madaktari hofu kwa miongo kadhaa. Katikati ya miaka ya 1970 Arpad Fischer na mwanawe Giorgio, jijini Roma, walibuni kunyonya mafuta kwa mrija wenye tundu, na muda mfupi baadaye Yves-Gérard Illouz wa Paris akaanza kutumia kanula butu pamoja na maji. Hata hivyo damu ilikuwa bado inamwagika sana. Pale maji yasipotumika, robo au zaidi ya kilichonyonywa huweza kuwa damu tupu. Aliyelibadilisha jambo hilo ni Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, aliyechapisha mwaka 1987 njia yake ya kuyajaza mafuta maji mengi yenye lidokeini na adrenalini. Damu ikashuka hadi kufikia takriban asilimia 1 ya kinachotoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Michele Zocchi wa Turin, Italia, aliongeza altrasaundi. Mashine za mwanzo zilikuwa na vijiti vinene, zilitoa nguvu mfululizo, na zilichoma ngozi. Wagonjwa walibaki na maji yaliyojikusanya chini ya ngozi na ganzi isiyokwisha, na madaktari wengi wa Marekani walioipokea njia hiyo kwa shangwe katika miaka ya 1990 waliiacha. Kizazi cha tatu cha mashine hizo, kilichoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kinachojulikana zaidi kwa jina la VASER, kina vijiti vyembamba vya milimita 2 hadi 4, vyenye mikato nchani inayoigawa nguvu pembeni, na kinaweza kutoa mtetemo kwa vipindi badala ya mfululizo. Ajali za kuungua zimepungua sana. Mteja akiambiwa tu "tuna mashine ya altrasaundi" bado hajaambiwa ni ipi, ina umri gani, na nani anaihudumia. Ana haki ya kuuliza yote matatu, na asionekane mjeuri.

Sasa tuzungumzie madhara.

Kuungua kunatokea mahali pawili. Kwanza ni kwenye tundu la kuingilia, ambako kijiti kinasuguana na kingo za ngozi. Ndiyo sababu tunaweka kikinga cha plastiki na kitambaa chenye maji pembeni. Pili ni pale ncha inapoigonga ngozi kutokea ndani. Tunaomba wenzetu waliofunzwa kwa vitabu vya Ulaya watusikilize hapa. Vitabu vinasema utaiona ngozi ikiwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na daktari anayeusubiri ataendelea kuchoma akidhani mambo ni shwari. Kisha jeraha likipona linaacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi au miaka, na kwa watu wenye asili ya makovu yanayovimba, yale ya keloidi, hata tundu dogo la milimita 5 linaweza kuota uvimbe mkubwa kuliko tatizo lililomleta mgonjwa. Matangazo mengi ya mashine hizi yamejaa picha za watu weupe. Tunawataka wanachama wetu wamwulize kila mgonjwa kuhusu kovu la chanjo begani, masikio yaliyotogwa, na mshono wa uzazi, na wayatazame kwa macho yao kabla ya kumpangia tarehe.

Maji chini ya ngozi, ambayo sisi tunayaita seroma, hutokea kwa sababu mahali palipokuwa na mafuta pamebaki uwazi. Mara nyingi yanavutwa kwa sindano, mara moja au zaidi. Ganzi na hisia za kuwashwa au kuungua hudumu wiki, wakati mwingine miezi. Ngozi inaweza kubaki na mabonde na matuta, hasa daktari akinyonya karibu mno na juu. Haya yanaudhi na yana gharama, ila mgonjwa anaishi nayo.

Jambo tunaloliogopa zaidi ni lidokeini. Kwa ganzi ya kawaida, kama ya kushonea jeraha, kiwango cha juu cha lidokeini yenye adrenalini ni takriban miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito. Katika upasuaji huu kinakubalika kiwango cha hadi miligramu 35 kwa kilo, ambacho Klein alikipendekeza mwaka 1990, na wapo wanaofika 55. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni tofauti ya kutoka miligramu 420 hadi 2,100. Inawezekana kwa sababu dawa imezimuliwa sana na mishipa imebanwa, hivyo inaingia kwenye damu polepole. Na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kilele chake damuni huja saa 10 hadi 14 baada ya kupigwa. Mgonjwa aliyefanyiwa saa nne asubuhi anafika kileleni kati ya saa mbili na saa sita usiku. Kliniki imefungwa, daktari amelala, mgonjwa yuko nyumbani na mdogo wake. Midomo inakufa ganzi, ulimi unahisi ladha ya chuma, masikio yanavuma, maneno yanajikokota. Nyumbani wanasema ni uchovu wa dawa, mwache apumzike. Baada ya hapo huweza kufuata degedege na moyo kupoteza mapigo. Ipo tiba, dripu maalumu ya mafuta ya asilimia 20, ila inatakiwa iwe hospitalini na pawe na mtu anayejua kuitumia. Mahali pasipo na dripu hiyo hapafai kufanyiwa upasuaji huu. Tumelijadili hili kwa kirefu katika vikao vyetu, na hatutarudi nyuma.

Kuna la kuongeza hapo. Ini ndilo linaloivunja lidokeini, na dawa kadhaa hulichelewesha: erithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi, baadhi ya dawa za VVU. Mgonjwa anayeficha dawa anazomeza kwa kuogopa macho ya watu anajiweka hatarini, na daktari anayemwuliza maswali hayo mapokezini mbele ya wengine ndiye aliyemfundisha kuficha. Maswali haya yaulizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka 2000 Frederick Grazer na Rudolph de Jong walichapisha matokeo ya kuwahoji madaktari wa upasuaji wa urembo wa Marekani kuhusu upasuaji wa kunyonya mafuta wa aina zote. Katika upasuaji 496,245 waliohesabiwa, watu 95 walikufa, yaani mtu mmoja katika kila 5,224. Chanzo kilichoongoza kilikuwa donge la damu lililoziba mapafu, takriban robo ya vifo vyote. Kilichofuata kilikuwa kutobolewa kwa utumbo au kiungo kingine cha ndani. Vingine vilitokana na dawa za usingizi na ganzi, mafuta kuingia kwenye mishipa na kuziba mapafu, maambukizi, na kuvuja damu. Kumbukeni kwamba waliohojiwa walikuwa madaktari bingwa waliosajiliwa. Uwezekano wa mtu mmoja katika elfu tano ni mdogo kwa mgonjwa wa kansa anayepigania uhai. Kwa mtu mzima wa afya aliyeingia hospitali kwa miguu yake ili apunguze kiuno, sisi tunauona ni mkubwa wa kutosha kuzungumzwa kwa sauti kabla hajalipa.

Jirani zetu wameuonja uchungu huu. Mwezi Oktoba 2024, jijini Nairobi, mwanamke alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki binafsi, na baraza la madaktari la Kenya likaagiza kliniki hiyo ifungwe. Tunaipa pole familia yake, na hatutasema zaidi juu ya kisa ambacho si sisi tuliokichunguza.

Hatari hupanda ngazi pale mafuta yaliyonyonywa yanaporudishwa makalioni ili mtu apate umbo namba nane. Kikosi kazi cha madaktari wa urembo kilikadiria mwaka 2017 kwamba mtu mmoja katika kila 3,000 hivi alikufa kwa upasuaji huo, kwa sababu mafuta yakipigwa ndani ya msuli huweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya vena na kwenda moja kwa moja hadi moyoni na mapafuni. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kuufanya hadi ushahidi wa usalama upatikane. Sisi tunasema hivi: mafuta yasipigwe ndani ya msuli wa makalio, katika hospitali yoyote, kwa bei yoyote.

Kwa wanaosafiri kwenda Uturuki, India au Dubai kufuata bei nafuu, upo mfano wa Wamarekani wanaokwenda Jamhuri ya Dominika. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilihesabu raia 93 wa nchi hiyo waliofariki huko baada ya upasuaji wa urembo kati ya 2009 na 2022. Vifo vya 2019 na 2020 vilipopitiwa kwa undani, vingi vilitokana na mafuta au madonge ya damu kuziba mapafu, na wengi wa marehemu walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa aina zaidi ya moja kwa siku moja. Anayesafiri mbali hutaka amalize yote kwa safari moja, halafu anakaa ndani ya ndege saa nyingi miguu ikiwa imekunjwa. Damu huganda katika hali hiyohiyo.

Tunapenda pia kuondoa matumaini yasiyo na msingi. Upasuaji huu si tiba ya unene. Mwaka 2004 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwafuatilia wanawake 15 wanene walioondolewa takriban kilo 10 za mafuta kila mmoja. Wiki 10 hadi 12 baadaye shinikizo la damu, sukari na mafuta ya kwenye damu vilikuwa vilevile. Mafuta yaliyonyonywa ni yale ya chini ya ngozi; yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayochangia kisukari na presha, hayafikiwi na kanula. Utafiti mwingine wa Colorado, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja kiasi cha mafuta mwilini kilirudi kama kilivyokuwa, ila kilihamia kwingine, tumboni na juu. Anayekwambia utaacha dawa za sukari baada ya kunyonywa mafuta anakudanganya.

Vilevile zipo mashine za saluni zinazopitishwa juu ya ngozi na kuitwa jina hilohilo la altrasaundi. Hizo ni kitu kingine kabisa. Hazitoboi wala hazinyonyi, na matokeo yake, yakiwapo, ni madogo. Zikitumiwa ovyo zinaweza kuchoma ngozi. Mtu akitolewa mafuta kwa sindano au mrija ndani ya saluni, nyumbani au chumba cha hoteli, huo si urembo, ni kosa la jinai, na tunamsihi yeyote anayejua mahali penye mchezo huo atoe taarifa polisi.

Wapo ambao hatutawafanyia hata wakituomba kwa machozi: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye moyo dhaifu, mwenye ini lililoharibika, aliyewahi kupata donge la damu mguuni au mapafuni bila kibali cha bingwa wa damu. Mwenye seli mundu anahitaji tahadhari ya pekee, kwani baridi ya chumba cha upasuaji na upungufu wa maji vinaweza kumwamshia maumivu na kuziba mishipa. Wengi huficha ugonjwa huu wakiona wamekaa miaka bila kuumwa. Msifiche.

Kwa mamlaka, tunaiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isiruhusu mashine ya aina hii iingie sokoni bila kujua ni ya kizazi gani na itahudumiwa na nani, ikiwa mpya au mtumba. Tunaliomba Baraza la Madaktari Tanganyika litamke wazi nani anaruhusiwa kuishika. Daktari bingwa anayefuzu upasuaji rekebishi kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, husoma miaka mitano baada ya kuwa daktari. Haiwezekani awe sawa na aliyehudhuria semina ya siku chache ya muuza mashine na kutundika cheti ukutani. Tunaiomba pia Wizara ya Afya ifungue daftari la taifa ambamo kila kifo na kila ajali ya upasuaji wa urembo itaandikwa, pamoja na zile za wanachama wetu. Tunajua daftari hilo litatuumbua baadhi yetu. Tunalitaka hivyohivyo.

Nasi tumejifunga wenyewe. Kuanzia leo hakuna mwanachama wetu atakayenyonya zaidi ya lita 5 kwa mpigo kwa mgonjwa ambaye hatalazwa usiku huo chini ya uangalizi. Hakuna atakayeanza bila daktari wa usingizi ambaye kazi yake siku hiyo ni moja tu, kumtazama mgonjwa. Hakuna atakayetangaza kwa maneno "bila upasuaji". Na kila mgonjwa atapewa karatasi ya Kiswahili yenye uzito wake, miligramu za lidokeini alizopigwa na saa aliyopigwa, kiasi kilichonyonywa, dalili za kumrudisha hospitali, yaani kubanwa pumzi, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, homa, tumbo kukaza, midomo kufa ganzi, kuchanganyikiwa, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Anayemsindikiza ataelezwa hayo yote kwa mdomo pia, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa macho. Mgonjwa ambaye hajaonyeshwa karatasi hiyo kabla ya siku ya upasuaji ana haki ya kukataa kupanda kitandani na kurudishiwa fedha zake.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama.